Je, Wajua? Uso na Milimita Zake

Nilidhani mada hii ingenichukua jioni moja. Imenichukua wiki tatu, na hadi leo kila nikipita mbele ya kioo najishika paji la uso. Ni habari za upasuaji wa uso kwa wanawake waliobadili jinsia, yaani kazi ya kuupa sura ya kike uso ambao mifupa yake ilikomaa kiume wakati wa balehe. Nilikwenda kutafuta habari za urembo, nikakutana na mafuvu ya kale, rubani wa ndege za kivita, wanja wa bibi zetu, na chumba cha hewa tulichokibeba kichwani bila habari. 

Kidole chako kinaweza kusoma fuvu lako

Anzia juu ya pua, katikati ya nyusi, kisha pandisha kidole taratibu kuelekea kwenye nywele. Wanaume wengi hukutana na kituta: mfupa umechomoza juu ya macho kama upenu juu ya dirisha, halafu paji linaegemea nyuma. Wanawake wengi hupanda ukuta laini uliosimama karibu wima. Tofauti kati ya sura hizo mbili ni milimita chache tu, unene wa sarafu mbili tatu zilizopangwa pamoja, lakini mtu aliye ng'ambo ya barabara huiona bila kujua kwamba ameiona.

Wataalamu wa mifupa, wale wanaoitwa polisi wanapookota fuvu porini, hukitazama kituta hichohicho. Mwongozo wao mmoja unaotumika sana, wa mwaka 1994, unawataka wakague sehemu tano: hapo kati ya nyusi, ukingo wa tundu la jicho, nundu ya mfupa nyuma ya sikio, kisogo na kidevu. Kila sehemu hupewa alama kuanzia 1, sura ya kike kabisa, hadi 5, sura ya kiume kabisa. Mimi nimeipenda ile 3 ya katikati. Yapo mafuvu yanayotua hapohapo, na bingwa aliyezeekea kazini akabaki ameinua mikono. Tena vipimo vilivyotolewa kwenye mafuvu ya Ulaya haviwezi kubandikwa kwa watu wa kila nchi, maana koo za binadamu zina mapaji na taya za kila namna.

Fuvu la miaka laki tatu lachongwa ndani ya kompyuta

Mwaka 1921 wachimba madini wa Kabwe, katika Zambia ya leo, waliibua fuvu la kale lenye kituta cha nyusi kikubwa ajabu. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka laki tatu. Kwa muda mrefu wanasayansi waliulizana mfupa wote ule ulikuwa na kazi gani, na dhana moja ilisema ulilizuia fuvu lisielemewe na nguvu za kutafuna. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walikipunguza kituta hicho kwenye kompyuta, kisha wakalitafunisha fuvu kwa hesabu. Halikutetereka! Wakapendekeza kwamba kituta kilikuwa tangazo la ubabe lililowekwa usoni, na kwamba kilipopungua kwa wazee wetu, nyusi zikapata uwanja wa kucheza: kushangaa, kubembeleza, kumsalimu mtu kwa mbali.

Sisi Watanzania tuna fuvu letu la kuringia. Zinjanthropus, aliyeibuliwa na mwanaakiolojia Mary Leakey pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959, anahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mtazame juu ya matundu ya macho: paji la uso kama letu hana kabisa, ni kituta, kisha kichwa kinalala kuelekea nyuma. Kituta hicho kina historia ya mamilioni ya miaka, na daktari wa leo hukipunguza kabla ya chakula cha mchana.

Kila kitu kilianza na mgonjwa mmoja na rafu ya mafuvu

Mwaka 1982 mjini San Francisco, Marekani, daktari mmoja wa upasuaji alimpelekea mwenzake, Douglas Ousterhout, ombi la mgonjwa wake. Mwanamke huyo alikuwa amekwisha kubadili jinsia, lakini watu walipomtazama usoni bado walimchukulia kama mwanamume. Je, uso nao ungeweza kufanyiwa kitu? Hadi siku hiyo Ousterhout alikuwa akitengeneza vichwa na nyuso za watoto waliozaliwa na kasoro na watu walioumia ajalini. Alijua kuupasua mfupa wa uso na kuupanga upya. Kitu gani hasa kinaufanya uso uwe wa kike, hilo hakulijua.

Namna alivyolitafuta jibu ndiyo iliyonikalisha usiku. Alirudi kwenye vitabu vya wanaanthropolojia wa mwanzoni mwa karne ya 20, akaorodhesha sehemu walizosema hutofautiana. Akachukua picha za eksirei za vichwa, akapata vipimo vyake. Kisha akaenda kwenye mkusanyiko wa mamia ya mafuvu ili ajipime mwenyewe: je, kwa vipimo hivi naweza kulitambua la kike na la kiume? Alipoona anaweza, ndipo akashika kisu. Mwaka 1987 alichapisha makala yake kuhusu paji la uso katika jarida la madaktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo, na hadi leo madaktari huyagawa mapaji kwa makundi yake. Mapaji ya kundi la kwanza huhitaji kuchongwa tu. Ya kundi la pili hujazwa kwa akriliki, ndugu yake ile inayotengenezewa meno ya bandia. Kundi la tatu, lenye watu wengi kuliko yote, linahitaji kichwa chake cha habari.

Nyuma ya nyusi kuna chumba

Mtoto mchanga hana chumba hiki. Huanza kujitengeneza akiwa na umri wa miaka miwili hivi, huonekana kwenye eksirei akikaribia miaka saba, na hutanuka sana wakati wa balehe. Ni tundu la hewa ndani ya mfupa wa paji, mojawapo ya yale yanayowaliza wenye sainasi. Umbo lake halifanani kati ya mtu na mtu, kiasi kwamba mwaka 1927 lilitumika kutambua maiti, kama alama ya kidole iliyofichwa ndani ya fuvu.

Kwa daktari wa uso, chumba hiki ndicho kizungumkuti. Ukuta wake wa mbele ni mwembamba, milimita chache. Ukiuchonga tu ili kituta kiishe, utatobokea ndani. Basi hufanyika hivi. Mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi, ngozi hukatwa kutoka upande wa sikio moja hadi la pili kwa kupitia juu ya kichwa, pale mwanamke anapovaa utepe wa nywele, au kwa kufuata mstari zinapoanzia nywele. Ngozi ya paji hufunuliwa na kulazwa juu ya macho. Mfupa unabaki wazi, mweupe wenye wekundu kidogo. Daktari huchora kwa kalamu mipaka ya chumba, hukata kwa msumeno mwembamba, na ukuta wa mbele hutoka mzima kama mfuniko wa kopo. Mfuniko huo huwekwa pembeni, huchongwa, hurudishwa ukiwa umezama ndani zaidi, na kufungwa kwa vibati vya titani na skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Kisha kingo za juu za macho hupitishiwa mashine ya kuchonga hadi zilainike, na macho yakaonekana kufunguka, mithili ya chumba kilichoondolewa pazia zito.

Mfupa na titani vilifahamiana kwa bahati tu

Mwaka 1952 Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura, akitumia kifaa cha titani. Utafiti ulipokwisha alitaka kukichukua kifaa chake, kikakataa: mfupa ulikuwa umekikumbatia. Titani ndiyo metali ya vibati vile vya pajini.

Mawingu yana sura za kiume

Kuna sura tunazoziona kwenye mawingu, kwenye soketi za umeme, mbele ya magari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na wanasayansi wa Marekani ulikuta kwamba watu wakionyeshwa sura hizo zisizo za mtu, huziita za kiume mara nyingi zaidi kuliko za kike. Ni kama ubongo ukiona macho mawili na mdomo huandika kwanza "mwanamume", kisha husubiri dalili za kuufuta uamuzi wake. Kwa mwanamke aliyebadili jinsia, hizo dalili chache za kufuta ndizo zinazoamua ataitwaje na kondakta, karani na mtoto wa jirani.

Na ubongo hauhitaji nywele wala hereni. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha watu picha za nyuso zisizo na vipodozi, nywele zimefunikwa kwa kofia za kuogelea, wanaume wamenyoa ndevu. Watazamaji walipatia karibu kila mara. Daktari Jeffrey Spiegel wa Boston naye alizibadilisha picha kwa kompyuta, mara paji peke yake, mara pua na mdomo, mara taya, na theluthi ya juu ya uso ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa kuliko zote. Mimi ningeapa kwamba ni taya!

Bibi na kijiti chake cha wanja alikuwa mtaalamu wa macho

Mwaka 2009 mwanasaikolojia Richard Russell alitoa picha mbili za uso mmoja uleule. Hakugusa mfupa, hakugusa umbo. Alichobadilisha ni kiasi cha tofauti kati ya weusi wa macho na midomo na rangi ya ngozi inayoizunguka. Tofauti ikiwa kubwa, watu humwona mwanamke. Ikiwa ndogo, humwona mwanamume. Ukiziweka picha hizo sambamba huamini kwamba ni mtu mmoja.

Chanzo chake ni kwamba, kwa wastani, nyuso za wanawake zina tofauti kubwa zaidi ya rangi katika sehemu hizo. Wanja huizidisha tofauti hiyohiyo. Namkumbuka bibi yangu mlangoni asubuhi, jicho moja limefumbwa, kijiti kimelala kwenye kope, anakivuta mara moja tu kuelekea pembeni, kisha anatazama kioo cha mkononi na kuridhika. Alifanya kwa sekunde tatu kazi ambayo Russell aliiandikia makala nzima.

Homoni hufika kwenye ngozi, mfupa haushiki amri

Mwanamke aliyebadili jinsia akitumia estrojeni ukubwani, ngozi yake hulainika na mafuta ya mashavuni hujipanga upya. Lakini mfupa uliokwisha kukuzwa na testosteroni wakati wa balehe haurudi nyuma. Ndiyo sababu dawa peke yake inaweza kumfikisha mbali sana na bado ikamwachia paji na taya zilezile.

Pua hukua bila kukua

Paji likirudishwa nyuma milimita chache, pua ambayo haikuguswa huonekana ghafla imerefuka. Madaktari wengi kwa hiyo huvifanya viwili hivyo siku moja, pua ikipunguzwa ili iungane na paji jipya kwa mkunjo laini.

Taya hupunguzwa bila kovu la nje

Mlango ni mdomo. Daktari hukata ndani, kati ya fizi na shavu, akafika kwenye kona za taya na kwenye kidevu kutoka ndani, na ngozi ya nje haiguswi. Kidevu cha kiume, kwa kawaida, ni kirefu na kipana zaidi. Kinaweza kukatwa kipande kama kabari ya mti, ncha ikasogezwa na kufungwa tena.

Hatari iko kwenye neva. Umewahi kung'olewa jino la chini, ukatoka kwa daktari wa meno nusu ya mdomo imekufa ganzi, chai inamwagika kidevuni? Neva iliyopigwa sindano ya ganzi hupita ndani kabisa ya mfupa wa taya, kama waya ndani ya bomba, na hutokeza nje karibu na kidevu. Daktari wa upasuaji anachonga pembeni yake. Siku hizi hupigwa kwanza picha za CT, taya hujengwa kwenye kompyuta, na wakati mwingine hata vibao vya kuongozea msumeno huchapwa kwa printa ya pande tatu, ili ijulikane kabla ya kukata waya umepita wapi.

Kikoromeo kina kona, na kona ina nyuzi jirani

Mbao mbili za gegedu shingoni hukutana kwa pembe. Kwa wanaume pembe hiyo ni kama digrii 90, kona kali ya kitabu kilichofunguliwa nusu. Kwa wanawake ni kama 120. Hiyo kona kali ndiyo kikoromeo. Kukipunguza ni kazi fupi, lakini ni ya kufanywa kwa hadhari, kwa sababu nyuzi za sauti zimefungwa upande wa nyuma wa gegedu hiyohiyo, katikati yake. Ukikata chini kupita kiasi, nyuzi hulegea na sauti huwa nzito zaidi, kinyume kabisa cha matarajio ya mgonjwa. Ndipo madaktari wengine huingiza kamera kooni na kupitisha sindano kutoka nje, waone kwa macho nyuzi zinaanzia wapi, kabla ya kuondoa hata chembe.

Na kikoromeo kikiondoka, sauti haipandi. Sauti ya mwanamume hutetema kama mara 120 kwa sekunde, ya mwanamke kama mara 200, na estrojeni haiirudishi juu ikishashuka. Wengi huifikia kwa mazoezi ya miezi na miezi pamoja na mwalimu wa sauti, sawa na mwimbaji wa taarabu anavyoifundisha pumzi yake.

Nywele zinazotupwa hupandwa tena

Mstari wa nywele wa kiume mara nyingi una umbo la M, umeingia ndani pembeni. Ngozi ya kichwa inaweza kuvutwa mbele, au, mkato ukipita juu ya kichwa, utepe mwembamba wa ngozi yenye nywele hukatwa hapo. Utepe huo una vinyweleo hai! Hupasuliwa kimoja kimoja na kupandikizwa kwenye zile kona mbili tupu. Shamba na mbegu ni vya mtu mmoja.

Pembe za ng'ombe chini ya pua

Umbali kutoka pua hadi mdomo wa juu kwa kawaida ni mrefu zaidi kwa wanaume, na huzidi kurefuka uzeeni kwa watu wote. Ili kuufupisha, daktari hukata kijipande cha ngozi chini kabisa ya pua, chenye umbo la pembe za ng'ombe, na kovu hujificha kwenye kivuli cha matundu ya pua.

Mikono iliyotengeneza nyuso za wanajeshi

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari wa upasuaji Harold Gillies na wenzake walifanya operesheni zaidi ya 11,000 huko Sidcup, Uingereza, kwa askari waliopasuliwa nyuso na risasi na mabomu. Mkono huohuo wa Gillies, mwezi Mei 1951, ulimfanyia upasuaji wa kubadili jinsia Roberta Cowell, rubani wa ndege za kivita za Spitfire katika vita vya pili na dereva wa magari ya mashindano. Zamu ya uso ilikawia. Mchoraji Mdenmaki Lili Elbe alikuwa amekwisha kufanyiwa operesheni za kubadili jinsia Ujerumani mwaka 1930 na 1931, nusu karne kabla ya lile swali la San Francisco.

Kilichokuwa kikisubiriwa ni ujasiri wa Mfaransa mmoja. Mwaka 1967, mjini Roma, Paul Tessier aliwaonyesha madaktari wenzake kwamba mifupa inayozunguka macho inaweza kukatwa na kusogezwa, na mgonjwa akaishi na kuona. Ousterhout alijifunza kwake. Njia iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto waliozaliwa macho yameachana mno ndiyo wanayopita leo wanawake hawa.

Kutoka 47 hadi 80

Utafiti wa hospitali za nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata wanawake 66 kabla na baada ya upasuaji wa uso. Alama ya katikati katika kundi lao, ya namna walivyouona uso na maisha yao, kati ya 100, ilikuwa kama 47 kabla. Miezi sita na zaidi baadaye ilivuka 80. Mwaka 2022 mwongozo wa kimataifa wa tiba kwa watu waliobadili jinsia, toleo la nane, uliutaja upasuaji wa uso miongoni mwa tiba zinazoweza kuhitajika kiafya. Namba hizo zinanigusa kwa sababu uso hauvuliwi mlangoni. Mtu huupeleka sokoni, msikitini, kanisani, benki.

Karani hutazama karatasi, kisha hutazama uso

Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti kipya cha sekondari chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Aliyewahi kusimama dirishani mwa ofisi, karani akiinua kitambulisho na kukilinganisha na sura yake, ajaribu kuwaza sekunde hizo zikirefuka kila siku, kila ofisi, kwa miaka.

Uso mpya huchelewa kufika

Kazi yenyewe, sehemu kadhaa zikifanywa pamoja, inaweza kuchukua saa nane au kumi, kama safari ndefu ya basi. Lakini anayeondolewa bendeji haoni uso aliouomba. Anaona uvimbe, macho yamefinywa, rangi ya zambarau chini ya kope. Uvimbe mwingi hupungua ndani ya wiki chache. Uliobaki, taya na paji huchukua hadi mwaka mzima kuuachia. Utosi nao huwa umekufa ganzi, kisha neva zinapoota tena hurudi na vijisindano na mwasho, hasa usiku, na mgonjwa hukuna ngozi ambayo bado haisikii kucha zake. Picha ya mwisho, ile ya kuwekwa kando ya picha ya kwanza, madaktari wengi hungoja mwezi wa kumi na mbili ndipo waipige.